Namba Moja Ubavuni

Jumatatu, 3 Machi

Kwako Bi Usukani, mke wangu,

Nimepewa kazi kubwa! Klabu yetu ya wenye boti za injini inatimiza miaka thelathini Jumamosi, na mimi ndiye mwandishi wa historia yake. Nani mwingine? Mstari wa kwanza nimekuwekea wewe, mwanzilishi. Fundi Spana akachungulia begani kwangu, akacheka hadi akakohoa. Eti boti yake ndiyo iliyotangulia majini, wewe ulikuwa unatuletea chai tu. Chai! Wewe uliyevuta kamba ya injini mara moja ikawaka, sisi wanaume mikono ikiwa imetoka malengelenge!

Jumatano, 5 Machi

Mwenyekiti ameamua: bila ushahidi, mwanzilishi ni Spana. Nikamjibu kwamba ushahidi ninao, tena unaelea. Nimeitoa boti yako nyuma ya nyumba. Imejaa majani makavu. Chini ya kiti nimekuta kitambaa chako cha kichwa, kile cha madoadoa. Nikakaa nacho kidogo.

Kisha nikachora namba moja ubavuni, kama boti ya kwanza ya klabu, nikaisugua kwa msasa ionekane ya zamani. Akili ni mali!

Alhamisi, 6 Machi

Dada yako amepita. Akaniuliza, shemeji, mbona namba ya miaka thelathini inanuka rangi mbichi? Nikamwambia ni unyevu.

Jumamosi, 8 Machi

Wanachama wote ufukweni mwa ziwa. Spana akapaza sauti kwamba hiyo si boti, ni kiota. Nikavuta kamba. Mara ya tatu ikawaka! Nikaondoka nikipunga mkono kama rais. Baada ya kitambo, viatu vikalowa. Kizibo cha tundu la nyuma, la kutolea maji, kilikuwa mfukoni mwangu. Nikazama nimesimama, mkono ungali juu.

Spana ndiye aliyejitosa kwanza, na shati lake la sherehe. Wengine wakashika kamba. Alivuta huku akinisuta: mzee mzima, miaka thelathini, bado kizibo tu! Mara akaacha kuvuta. Akamgeukia mwenyekiti, akasema: ndivyo ilivyokuwa siku ile ya kwanza. Bwana huyu alisahau kizibo, boti ya mkewe ikazama, na sita tulioivuta ndio tuliokuja kuwa klabu. Boti yangu mimi ilikuwa bado gereji. Mwandike mama wa watu.

Jina lako likasomwa, wote wamesimama. Sijapata kuvimba kichwa namna ile, nami nachuruzika maji.

Jumapili, 9 Machi

Nimeirekebisha historia kidogo. Sasa inaeleza kwamba mwandishi alikiacha kizibo kwa makusudi, mara zote mbili, kwa faida ya klabu. Spana akiisoma atapasuka.

Halafu nimewaza. Ile klabu ya ng'ambo ya ziwa nayo haijui mwanzilishi wake. Rangi imebaki nusu kopo. Msasa ninao.

Huko uliko, mkikaa na wenzako kupiga soga, nami unitaje.