Mate Yaliyobandika Stempu

Jumatatu, tarehe 3 Machi. Mwaka wa thelathini na moja ugenini.
Jino la mbele limevunjika pembe. Adui: mfupa wa kuku. Jumamosi mjukuu wangu anaolewa na msemaji wa ukoo ni mimi. Hapa hakuna mwingine anayeyajua majina ya wazee wetu wote. Sasa kila jina lenye "s" latoka na mluzi! Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, kajitolea kunipokea mzigo. Mzigo! Anaitamani nafasi hii tangu tulipovuka mpaka.

Jumanne, tarehe 4.
Daktari wa meno ni binti wa juzi tu. Alitaka kulizungushia jino kipande cha mpira, mate yasifike. Nikakataa. Mtu mzima hafungwi mdomo kama gunia. Basi akaweka pamba, akaniomba ulimi utulie. Akapaka tindikali, akasuuza, akakausha. Alipogeuka kuchukua gundi, nikalionja jino kidogo kwa ncha ya ulimi. Udadisi tu! Nikanyamaza. Gundi, kiraka, taa ya buluu ya kugandisha. Nimetoka na jino la kijana.

Jumatano, tarehe 5.
Kiraka kimebaki kwenye mkate. Shemeji alikuwepo, angekosaje. Alicheka hadi akashika meza. Akasema, loo, shemeji, hata jino lako limekuwa mkimbizi!

Alhamisi, tarehe 6.
Daktari kauliza kama nililamba. Nikakana. Akaeleza kwamba tindikali huacha vitundu vidogo kwenye jino, na humo ndimo gundi inamoshika. Mate yakipita huacha utando, gundi ikashika utando badala ya jino. Ningesema tu, angesuuza na kupaka upya.
Nikamjibu kuwa mate yangu yamebandika stempu miaka yote hii, na barua zilifika kwetu, hata baada ya wasomaji wa kule kuisha mmoja mmoja.
Akasema polepole, babu, stempu inayapenda mate, gundi hii inayachukia. Leo mpira, ama nenda kwa seremala.
Nikakubali mpira. Ila kwa nyuma palikuwa na upenyo. Aliposuuza tindikali na kukausha, nikapitisha ncha ya ulimi, nikalibariki jino kabla ya gundi. Ubishi huishia kwenye ushahidi!

Jumamosi, tarehe 8.
Ukumbi pomoni. Nilianza na babu wa babu yangu. Jino imara. Nilimtazama shemeji kwa makusudi. Nilipofika kwa mke wangu, ambaye jina lake lina "s" mbili, kiraka kikaruka, kikatua kwenye soda ya shemeji. Akainuka, mkono mbele, apokee kipaza sauti. Thubutu! Nikalitaja jina lile upya, mluzi na yote, mara mbili. Bibi harusi akacheka huku analia. Shemeji akakaa, akajifuta macho. Nikawamaliza wazee wote, hakuachwa hata mmoja.

Jumapili, tarehe 9.
Shemeji kaniletea kiraka ndani ya bahasha. Kakiosha mwenyewe. Kasema dada yake angecheka sana jana. Hilo sikulibishia.
Daktari naye, habari zimemfikia, katuma salamu: nije kesho, bure, ila nije na ukweli. Ukweli upi? Gundi yake dhaifu! Nimenunua ya fundi viatu. Jino nimelilowesha kwa mate vizuri, kama stempu. Nimekibana kiraka kwa kidole, nasubiri.
Kwa daktari sirudi.