Rivolva Mbili na Kitanda cha Virgil

Jumatatu, 10 Novemba

Magoti ya mzee Virgil yamekataa mlima; mwaka huu haendi kuwinda. Habari imefika ofisini saa tatu asubuhi. Kufikia saa nne kila mtu alikuwa ameshamwonea huruma na kuanza kukitolea macho kitanda chake.

Kambi ya kuwindia kulungu ya Bi Garnet ina vitanda vinne. Kimoja ni chake yeye mwenyewe, msimamizi wetu hapa kwenye ofisi ya hati za ardhi. Viwili ni vya kaka zake. Cha nne kilikuwa cha Virgil, mwindaji mwenzao, kwa miaka thelathini na moja.

Nakitaka. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma humu. Miaka miwili sasa nakula mkate wangu wa mchana peke yangu kando ya mashine ya nakala. Kila Desemba wenzangu wanarudi kutoka msituni, kambi hii au ile, na soseji za kulungu na hadithi zinazoanza na "unakumbuka yule". Mimi tu ndiye nisiyekumbuka.

Masharti: kwa Bi Garnet watu huwinda kwa rivolva, kama alivyowinda baba yake. Mgeni ataipiga sahani ya karatasi, ile ya kuwekea pai, kutoka yadi ishirini na tano. Risasi tano, zote ndani. Amesema asiyeiweza sahani atamjeruhi mnyama na kumwacha akafie kichakani, na mtu wa namna hiyo asikanyage kwake. Majaribio ni Jumamosi ya tarehe 22.

Dwight wa dirisha la pili amesema naye anakitaka.

Bi Garnet akaniuliza kama nimewahi kushika rivolva. Nikasema nimeshikashika. Ukweli ni kwamba leo hii Dwight amefunga droo kwa nguvu, nami nikashtuka hata nikajipiga muhuri wa kaunti kwenye kidole gumba. Hautoki.

Jumanne, 11 Novemba

Ofisi imefungwa, sikukuu ya maaskari wastaafu. Nimekwenda dukani kwa Ferrel Stiles na karatasi yenye safu mbili, uwindaji na shabaha, mistari tisa ya mambo ya kulinganisha kila safu.

Ferrel akaweka rivolva mbili juu ya kitambaa cha kijani. Zote za magnum, yaani zile zinazokula risasi ndefu iliyoshiba baruti. Ya kwanza ni Arobaini na Nne. Silinda ya risasi sita, mtutu wa inchi sita, maana sheria ya jimbo letu la Ohio inataka usipungue tano. Ferrel akasema, "Hii, mwanangu, itamlaza kulungu yeyote wa jimbo hili, na jioni bado utaweza kushika kijiko."

Ya pili ni Mia Nne Hamsini na Nne. Inachukua risasi tano tu, kwa sababu kuta za silinda lazima ziwe nene zisipasuke. Nene kama mlango wa benki. Ferrel akasema hiyo ni ya watu wanaokwenda kukutana na dubu. Nikauliza kama kwetu kuna dubu. Akasema wapo wachache, hawana ugomvi na mtu.

Nikajaza karatasi yangu kaunta. Kwa uwindaji, Arobaini na Nne. Kwa shabaha, Arobaini na Nne. Mistari yote kumi na minane. Nilikuwa nimeshafungua kalamu ya kutia saini pale Ferrel aliposema Dwight alichukua ya namna hiyo hiyo jana jioni.

Nikausikia mdomo wangu ukisema nipe ile kubwa.

Ferrel ni mtu mwema. Alinitazama mikono, kisha akanijulisha kwamba rivolva kubwa inakubali pia risasi fupi ya zamani, ya arobaini na tano. Unene ni ule ule, urefu ndio mdogo. Haisukumi sana, akasema, ni kama mtu kafunga kitabu kizito.

Nimerudi nyumbani na rivolva ya dubu na maboksi saba ya risasi fupi, hamsini kila moja. Mtu akisimama hatua mbili kutoka kwangu ataona bunduki kubwa. Kilichomo ndani ya silinda hatakiona. Sijapata wazo zuri hivi tangu nimalize chuo.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku ya tatu kwenye uwanja wa shabaha. Naenda kazi ikiisha, kabla giza halijaingia. Navaa vizibo masikioni, juu yake vifuniko vya masikio, juu yake kofia ya sufu. Mzee wa zamu aliniambia jambo kwa muda mrefu sana leo. Nikamjibu ndiyo. Baadaye nimetambua alikuwa akiniomba nihamishe gari.

Risasi hamsini kwa siku. Sahani: sifuri Jumatano, moja Alhamisi. Leo, kwenye risasi ya thelathini na nane, nimegundua kwa nini. Ninafumba macho. Si moja, yote mawili, na si baada ya kufyatua bali kabla. Nimeazimia kufungua moja kwanza, kisha tuone.

Kitabu cha maelekezo kinasema safisha mtutu kila baada ya matumizi. Nasafisha mtutu kila jioni na kuweka alama ya tarehe. Unang'aa kama kijiko cha harusi.

Jumatatu, 17 Novemba

Dwight ameniuliza mbele ya watu, pale kwenye kahawa, nimechukua ipi. Nikamwambia.

"Ile ya dubu? Wewe?" akasema. "Bwana mdogo, mkono utatoka begani twende tukauokote kwenye maegesho."

Nikasema ukishaizoea si mbaya. Nilijisikia nikisema hivyo kwa sauti nzito kidogo. Mama wa ramani akageuka. Kaka wa ulinzi mlangoni akaacha kutafuna. Bi Garnet alinitazama juu ya miwani yake, akarudi kwenye hati zake.

Dwight akataka tukafanye mazoezi pamoja. Nikasema mimi hufanya peke yangu, ni mambo ya umakini. Akacheka, lakini si sana. Mchana hakuna aliyekaa nami, ila watu wawili walipita polepole.

Alhamisi, 20 Novemba

Tano ndani ya sahani. Macho mawili wazi. Nimeileta sahani nyumbani na kuibandika juu ya jokofu, na nimeitembelea mara nne tangu saa kumi na mbili.

Risasi fupi mia tatu arobaini na tano zimekwisha. Zimebaki tano, nazo ni za Jumamosi. Mpango: zikae mfuko wa kulia wa koti. Nitawapa watu mgongo, kama mtu anayejikinga na upepo, nitazitia kwenye silinda kwa kugusa tu, nitageuka. Nimejizoeza mbele ya kioo. Sekunde kumi na moja. Nikitoa maganda nayatia mfukoni papo hapo, ili asiwepo wa kuyaokota na kuyapima urefu.

Nimeuchunguza mpango huu kila upande, kama ninavyochunguza hati ya mpaka wenye ugomvi. Hauna tundu.

Jumamosi, 22 Novemba

Una tundu.

Asubuhi nyeupe, baridi, majani yametulia. Bi Garnet yuko na kaka zake, Virgil ameletewa kiti chake. Dwight alitangulia. Kabla hajapiga, Bi Garnet akafungua sanduku la bati na kutoa risasi. Kumbe kwake kila mtu hupiga risasi zake yeye, anazijaza mwenyewe kwenye chumba cha chini cha nyumba, baruti kwa mizani. Amefanya hivyo miaka yote. Hakuna aliyeniambia kwa kuwa hakuna asiyejua.

Dwight akaweka nne ndani ya sahani na moja upana wa kidole nje. Akasema ni upepo. Hata mvuke wa kahawa ulikuwa unapanda wima.

Kisha mimi. Bi Garnet akanikabidhi risasi tano ndefu, nzito kama vidole vya mtu mzima. Alizijaza usiku wa jana, akasema, maalumu kwa ile bunduki yangu. Nikawapa mgongo kwa mazoea. Nikaingiza ya kwanza. Ikaingia robo tatu, ikagoma. Ya pili ikagoma. Zote tano zilikaa zimechungulia nje, na silinda ikakataa kufungika.

Dwight akauliza kama dubu amekula ufunguo.

Bi Garnet akaja, akaichukua, akatazama ndani ya silinda kwenye mwanga. Akavua miwani, akatazama tena. Akawaita kaka zake nao wakatazama. Virgil akaomba aletewe kitini. Ikawa ni watu wanne wanaosoma barua yangu. Ni hivi: risasi fupi haifiki mwisho wa tundu la silinda. Kila inapolipuka inaacha pete ya masizi na madini ya risasi yaliyoyeyuka pale inapokomea. Ukipiga nyingi bila kusugua silinda, pete inakuwa ukuta, na risasi ndefu haipiti tena. Kila mpiga rivolva anaijua pete hiyo. Kitabu changu kilisema mtutu. Nilisafisha mtutu.

"Fupi ngapi?" akauliza Bi Garnet.

Nikasema chache.

"Lowell. Chache ngapi?"

Nikasema mia tatu arobaini na tano. Dwight alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na pa kujificha, nikasema na mengine. Kwamba naogopa mlio. Kwamba naogopa hata droo ya Dwight. Kwamba nilitaka kitanda.

Bi Garnet hakucheka. Akaniketisha na brashi ya shaba na mafuta, nikasugua matundu matano kwa dakika arobaini, Virgil akinielekeza kutoka kitini. Kisha akatia risasi moja ndefu na kuniambia nipige, nijue. Nikapiga. Kofia ikaanguka nyuma yangu. Sahani haikuguswa, wala ubao, na kaka mmoja akasema pengine umepigwa mlima. Niliitazama mikono yangu, ilikuwepo yote miwili.

Akanipa ile yake, Arobaini na Nne, mpini umelainika kwa umri. Aliijaza akiwa amenipa mgongo yeye. Nikavuta: nyundo ikalia kwenye tundu tupu, na mdomo wa bunduki ukainama chini kama mbuzi anayekunywa maji. Wote waliona. "Umeona wewe?" akasema. "Hakuna kilichotoka na umeshainama. Bunduki haijakufanya kitu, mwanangu, ni wewe unaitangulia." Tukarudia, tupu, tupu, iliyojaa, tupu, bila mimi kujua ipi ni ipi, mpaka mdomo ukatulia. Halafu tano za kweli. Tatu ndani ya sahani.

Tatu si tano. Nilikuwa nimeanza kukusanya vizibo vyangu.

Bi Garnet akasema hakuna aliyefaulu, kwa hiyo msimu huu hapatakuwa na bunduki ya nne. Lakini kitanda hakiwezi kulala tupu, panya watakihamia. Akamwambia Dwight kwamba mtu wa risasi nne na kisingizio cha upepo hamtaki, atamngoja mwaka kesho aje aseme nne tu. Akaniambia mimi nitakwenda mikono mitupu, nitabeba kamba, nitatembea nyuma yake na kutazama. Sharti moja. "Ukiogopa, sema unaogopa. Usipojua, sema hujui. Sheria ya msituni ndiyo hiyo tu, hakuna nyingine."

Nikasema nimeelewa kabisa. Virgil akanishika mkono na kusema upande wa kushoto wa kitanda una waya uliotoka, nilalie kulia.

Jumapili, 23 Novemba

Dwight amekuja nyumbani. Nilidhani ugomvi. Alisimama barazani, akakataa chai, akakubali pai, kisha akasema amewaza usiku kucha kuhusu ile bunduki ya dubu. Kama sina kazi nayo, yeye yuko tayari kubadilishana. Arobaini na Nne yake kwa Mia Nne Hamsini na Nne yangu, wala haina kovu.

Tumebadilishana. Nimeitoa karatasi yangu ya safu mbili na kuilinganisha. Kila kitu kiko sawa, mistari kumi na minane, hii ndiyo niliyopaswa kuwa nayo tangu mwanzo.

Aliondoka akiibeba begani kama mtoto aliyelala. Nimekaa na Arobaini na Nne mezani. Ni nzuri sana. Imeonekana ndogo kidogo.

Jumatatu, 1 Desemba

Siku ya kwanza ya msimu, saa tatu asubuhi. Naandikia gotini, nimekaa juu ya gogo, nimevaa fulana ya rangi ya chungwa.

Nimelala usiku mbili kambini, upande wa kulia. Nimekula tambi juu ya viazi vya kuponda. Jana jioni kaka mkubwa alisimulia habari za risasi zilizogoma, na kila mtu akanitazama akicheka, nami nikatambua kwamba ni hadithi, na mimi nimo, na mwakani itaanza na "unakumbuka". Sikumbuki kufurahi hivi.

Leo alfajiri nilitembea nyuma ya Bi Garnet hatua kwa hatua, kamba begani. Saa mbili na nusu kulungu dume alitoka kwenye misonobari, akasimama akituonyesha ubavu. Yadi ishirini. Bi Garnet alipiga mara moja. Sikuinama, au niliinama kidogo tu. Mnyama alitembea hatua sita, akalala. Bi Garnet alisimama kando yake, kofia mkononi, nami nikavua yangu.

Kisha akatoa kisu kiunoni na kuniuliza kama nimewahi kumpasua kulungu na kumtoa matumbo.

Alinitazama vizuri tu. Alikuwa ametabasamu, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nikafikiria kitanda, na mwakani, na jinsi tulivyokuwa tukielewana.

Nikasema mara nyingi.

Alifurahi sana. Akanipa kisu, akasema basi nianze, yeye anashuka kuleta kigari, nusu saa, akirudi nitakuwa nimemaliza. Nikamuuliza, kwa uangalifu, kama wao huku huanzia mbele au nyuma. Akacheka, akadhani natania, akaenda.

Dakika ishirini na mbili zimepita. Kisu ni kikali kweli. Nimechongea penseli.