RNA Yangu na Muhuri wa Dole Gumba

Jumanne, 4 Machi

RNA yangu imepotea, kati ya jana jioni na leo asubuhi. Kichupa kipo ndani ya friza, maji yamo, lakini nikipima, hola! Jasho la kutwa nzima.

Hii si ile RNA inayobeba maelekezo ya protini. Yangu ni ya kuamsha. Bila hiyo, DNA ndani ya kiini cha seli inazubaa, hainakiliwi. Nikiitia, viini arobaini katika mia vinaanza kunakili. Nikiiondoa, tisa. Ijumaa saa tatu Profesa anataka kuiona tofauti hiyo. Atakayeionyesha ataajiriwa moja kwa moja. Mwingine aage.

Tuko wawili. Mimi, niliyeingia maabara hii kuosha chupa. Na Shemeji, kaka wa mke wangu, anayepewa kila kitu tangu kuzaliwa. Leo kanisalimia kwa furaha mno. Mwizi!

Jumatano, 5 Machi

Nimetengeneza RNA mpya. Na mtego! Glavu sivai, mimi nanawa tu; nimebonyeza dole gumba ndani ya kifuniko. Atakayefungua ataivuruga alama. Serikali yenyewe inatumia dole gumba.

Nyumbani nimemtaja mwizi. Mke wangu kaniuliza, baba watoto, una akili timamu? Kaka yake hawezi kuiba hata usingizi. Nikimpeleka kwa Profesa, nihame na godoro langu.

Alhamisi, 6 Machi

Alama iko vilevile. RNA hakuna! Kafungua bila kugusa. Fundi huyu!

Nimemvaa. Kacheka mpaka kashika meza. Kasema shem, mwizi ni vidole vyako, vina vimeng'enya, kama vya mate, vinavyotafuna RNA, hata mtoto wa chuo anajua, vaa glavu. Ati mikono yangu! Niliyoinawa!

Kisha kanigawia nusu ya RNA yake, eti tusiaibishane mbele ya Profesa. Nimepokea. Mwizi anarudisha mali kidogo kidogo.

Lakini simwamini. Glavu nimevaa, sitaki maneno. Muhuri nimeubadilisha: nimelamba mdomo wa kichupa, mzunguko mzima. Dole linaigika. Mate hayaigiki.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu. Profesa kasimama nyuma yangu, pumzi yake shingoni. Nimehesabu viini. Nimerudia. Tisa! Tisa katika mia, kama vile sikutia kitu.

Shemeji: arobaini na moja. Kwa nusu iliyobaki!

Profesa kampa mkono. Mimi kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nimesema ni hujuma. Kauliza ushahidi. Nimesema upo, niulizeni kwa faragha. Kaondoka.

Nimebandika karatasi kwenye meza ya Shemeji, kwa kalamu nyekundu:

Shemeji, sitaki salamu wala kicheko. Nijibu moja kwa moja, leo, kabla ya saa kumi: uliyapitaje mate yangu?