Uji Usiokabidhiwa

"Mikono juu kidogo, Whitney. Hapana, hiyo ni juu sana. Ukiinua hivyo utaonekana unadai. Hapo, hapo hapo. Sasa tabasamu, lakini macho yabaki na shida."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mtoto wa chekechea, nikimrekebisha viwiko, wakati Mwalimu Rispa alipowasha kipaza sauti na kusoma tangazo nililomwandalia. Lilikuwa tangazo zuri. Lilisema kwamba Ofisi ya Uratibu wa Ukarimu, Kanda ya Mashariki ya Jiji, ina furaha isiyo na kifani kuutangazia umma kwamba leo, katika Shule ya Tumaini Jema, Njiru, wanafunzi wa gredi ya nane wataruhusiwa rasmi kuwapa uji wadogo zao wa chekechea.

Umma wakati huo ulikuwa kuku wawili na mama yake Whitney, aliyekuja kuleta sweta iliyosahaulika nyumbani. Walisikiliza kwa heshima.

Naitwa Ndambuki, Afisa wa Makabidhiano. Ofisi yetu iko mtaa wa Fedha, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayesaidiwa kiholela. Watu wengi hawajui hatari hiyo. Wanadhani ukimwona mwenye njaa unampa chakula, basi, mambo yameisha. Siwalaumu. Hawajaelimishwa.

Hata wanafunzi wa Tumaini Jema sikuwalaumu. Mwanzo wa muhula, msichana mmoja wa gredi ya nane anayeitwa Kavata aliona kwamba watoto wa chekechea wanasinzia kabla ya mapumziko ya saa nne. Wazazi wao hutoka gizani kwenda viwandani, na wengi wa watoto hao huja shuleni na tumbo tupu. Kavata na wenzake wakapanda sukuma kwenye magunia nyuma ya madarasa, wakawa wanabadilishana na mwenye kinu cha kusaga, mboga kwa unga wa wimbi. Kila asubuhi wakapika uji. Watoto wakaacha kusinzia. Whitney, ambaye hakuwahi kumaliza kuimba alfabeti akiwa macho, akafika mwisho na kuanza upya bila kuombwa.

Hali hiyo iliendelea kwa wiki kadhaa. Watoto walisaidiwa bila bango, bila hema, bila mgeni wa heshima, bila hata picha moja.

Niliwakuta katika ukaguzi wa kawaida. Sikupiga kelele. Nilichukua utepe mwekundu kwenye mkoba, nikaufunga kwenye vishikio vya sufuria na kuupitisha juu ya kifuniko, kisha nikawaeleza kwa upole kwamba chakula kisichokabidhiwa hakiwezi kuitwa msaada. Ni chakula tu.

"Kwani si wanakula chakula?" Kavata aliniuliza.

"Wanakula, lakini hawapokei."

"Sasa wakikaa njaa, hiyo ni sawa?"

"Njaa haihitaji kibali," nikamwambia. "Ni msaada ndio unaohitaji."

Akaweka mwiko juu ya kifuniko, akarudi darasani.

Tangu siku hiyo tulimsubiri Mkurugenzi wetu, Dkt. Owiti, aje kuzindua uji. Mkurugenzi ni mtu mwenye shughuli nyingi. Mara ya kwanza alikuwa anazindua ukarabati wa jiwe la uzinduzi. Mara ya pili alikuwa anazindua bomba la maji, na maji hayakufika, ikabidi asubiri, halafu hayakufika tena. Huku kwetu watoto walirudia kusinzia. Mwalimu Rispa aliniambia kwamba Whitney alipatwa na usingizi akiwa amesimama kwenye foleni ya choo, na wenzake wakapita pembeni yake kama wanaopita mlingoti wa bendera.

Leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Uzinduzi usipofanyika leo, uji ungehamishiwa kwenye kalenda ya mwaka ujao, na utepe ungebaki pale pale. Kila mtu shuleni alilijua hilo. Kavata na kundi lake walikuwa wamepika tangu alfajiri, wakaufunga utepe tena juu ya kifuniko kama nilivyowaagiza, na sufuria ilikuwa mezani mbele ya hema, ikitoa mvuke mwembamba pembeni. Watoto walikaa kwenye mikeka wakiutazama ule mvuke.

Kilichobaki ni jambo moja tu: kupata mpokeaji. Mwongozo wetu, alioutunga Mkurugenzi mwenyewe, unataka apatikane angalau mmoja aliyethibitishwa kuwa na uhitaji. Dalili ni hizi: viatu visivyokamilika, nguo zenye ushahidi wa safari ngumu, sauti isiyodai, na uso wa mtu aliyengoja sana. Bila mpokeaji, hakuna makabidhiano.

Nikaanza ukaguzi nikiwa na matumaini. Yalikwisha kwenye mkeka wa kwanza.

Wazazi walikuwa wamesikia kwamba mgeni anakuja. Watoto wote walikuwa wameogeshwa, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, wamesukwa. Wasiokuwa na viatu walikuwa wameazimiwa vya majirani. Kulikuwa na mmoja aliyevaa tai. Aidha, kwaya ya shule ilikuwa imeshinda kombe la kanda katika ushairi wa kwaya wiki iliyotangulia, na Mwalimu Rispa alikuwa ameliweka mezani kando ya uji. Nilimwomba alitoe.

"Hili tumelipata kwa jasho, Bwana Ndambuki," alisema.

"Ndiyo maana. Linapunguza uhitaji."

Alilichukua akaenda kulifungia kabatini, akiwa amelikumbatia kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Nilirudi kwa Whitney, ambaye nilimwona ana uwezo. Tatizo lilikuwa ile sweta. Mama yake alikuwa ameshamvisha, na vifungo vyote vilikuwepo.

"Mama Whitney," nikasema, "naomba tuondoe vifungo viwili tu. Vya katikati."

"Nilivishona jana kwa ajili ya mgeni."

"Naelewa. Vimeshonwa vizuri mno."

"Ndambuki, wewe una mama?"

"Ninaye, Makueni."

"Anajua kazi unayofanya?"

Nilimjibu kwamba anajua niko ofisini. Hakutoa vifungo. Sikumlazimisha.

Kavata alikuwa amesimama kando ya sufuria, mwiko mkononi. "Kwa hivyo hawawezi kupewa kwa sababu wanakaa poa?"

"Kwa sasa, ndiyo."

"Na jana walipokuwa wanakaa vibaya?"

"Jana mgeni hakuwepo."

Bwire, mpiga picha wetu, alikuwa ameegemea nguzo ya hema akipunga kofia. "Boss, mimi nimekuja kupiga picha ya shida," alisema. "Hapa naona harusi."

Ni wakati huo tulipomwona mtu anakuja.

Alipitia kwenye pengo la ua, upande wa Kangundo Road. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo mweusi wa Njiru ukinyeshewa haumwachii mtu kitu chake. Kiatu alikuwa nacho kimoja. Suruali ilikuwa tope mpaka magotini, na upande mmoja mpaka kiunoni, ishara kwamba alikuwa amekaa chini bila kupanga. Alijifuta uso kwa tai. Alipofika kwenye hema alishika nguzo, akahema.

"Maji," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika, karibu haipo.

Nilimtazama mguu. Nilimtazama suruali. Nilimsikiliza sauti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyengoja sana. Sijawahi kuona dalili zote zikikaa juu ya mtu mmoja kwa utulivu namna ile.

"Huyu!" Bwire alisema, akiinua kamera. "Kiatu moja! Hii ndiyo shida orijino."

"Pole sana, mzee," Kavata alisema. "Kaa hapa."

"Mimi," yule mtu alisema, "ndiye Mkurugenzi."

Mwongozo una kifungu cha hali hiyo. Unasema: mpokeaji aliyezidiwa na matumaini asibishiwe, bali ashikwe bega. Nikamshika bega.

"Hapa sote ni wakurugenzi," nikamwambia kwa upole.

Naomba nieleweke. Sikuwa nimewahi kukutana na Dkt. Owiti ana kwa ana. Sisi maafisa wa nyanjani humwona kwenye bango. Bango lilikuwa juu yetu, pana kuliko darasa, na nililiangalia kwa makini ili nisimkosee mtu haki yake. Mkurugenzi wa kwenye bango alikuwa na nywele. Alikuwa mkavu. Alikuwa akimpa mtu kitu.

"Nitawafuta kazi nyote," mtu yule alinong'ona.

"Mzee ako na njaa mbaya," Bwire alisema. "Mnamchosha na maswali. Mpeni kitu."

Kavata alinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akalegeza utepe upande mmoja, akainua kifuniko kidogo, na harufu ya uji wa wimbi uliochachushwa, wenye ndimu, ikatoka. Kwenye mikeka kila kichwa kiligeuka. Yule mtu alikuwa amefungua kinywa ili aendelee kutukana, akakiacha wazi hivyo hivyo. Baadaye nilijua kwamba hakuwa amekula tangu jana yake, kwa kuwa siku za uzinduzi yeye hula kwenye uzinduzi.

"Kunywa, baba," Kavata alisema. "Usione haya."

Akainua mikono yote miwili kupokea. Katika kazi hii nimefundisha watu wengi kuinua mikono. Sijawahi kuona iliyoinuliwa vizuri kama ile. Haikudai, wala haikukata tamaa. Na macho, bila kuambiwa, yalibaki na shida.

Bwire akapiga picha. Tukapiga makofi. Uji wa Tumaini Jema ukawa umekabidhiwa.

Mtu yule alikuwa kwenye kikombe cha pili wakati dereva alipotokea uani, naye ametapakaa tope, amebeba kiatu mbele yake kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Mkurugenzi!" aliita. "Kiatu kimepatikana. Gari bado."

Nilitazama bango tena. Kuanzia kwenye nyusi kwenda chini, palikuwa na mfanano.

Mama Whitney alianza kucheka. Alicheka peke yake kwa muda, kisha hakuwa peke yake.

"Futa hiyo picha," Mkurugenzi alimwambia Bwire.

"Imeenda, mheshimiwa. Iko kwa grupu ya wazazi, na ya ofisi, na ile ya wafadhili." Bwire alitazama simu. "Wafadhili wanasema mtu kama huyu ndiye walikuwa wanamtafuta siku zote. Wanauliza kama ana familia."

Mkurugenzi aliweka kikombe chini. Aligeuka kwangu. "Ndambuki ni wewe? Mwongozo unasemaje?"

"Mheshimiwa, ni wewe uliyeuandika."

"Najua niliuandika. Sikuusoma."

Nikamweleza. Picha ikishapigwa, mradi umeanza na hauwezi kusimamishwa. Mpokeaji naye hawezi kuondolewa mpaka ithibitishwe kwamba hali yake imeboreka.

"Nani anathibitisha?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Basi thibitisha."

Nilimtazama kwa haki, kama ninavyomtazama kila mtu. Alikuwa amevaa kiatu kile kilichopatikana, nacho kilikuwa kinatoa maji kila akikanyaga. Sauti ilikuwa bado haijarudi.

"Bado, mheshimiwa," nikasema. "Lakini kuna dalili njema."

Kavata hakungoja tena. Aliuvuta utepe, ukakaza, akaukata kwa meno. Watoto wa chekechea waliinuka kwenye mikeka wote kwa pamoja, na Mwalimu Rispa akawapanga. Walipokea kwa mikono ya namna zote: wengine juu sana, wengine mkono mmoja, mwingine aliingiza kidole kwanza kuona kama ni moto. Whitney alikunywa akamaliza, akarudi nyuma ya mstari bila aibu. Sikumrekebisha mtu viwiko. Sijui kwa nini. Labda nilikuwa nimechoka.

Nyuma ya Whitney alisimama Mkurugenzi, na kikombe chake.

"Anko, usisukume," Whitney alimwambia. "Kuna laini."

"Sisukumi."

"Unasukuma na tumbo."

Akarudi nyuma hatua moja. Alipofikiwa, mwiko ulikuwa unakwaruza chini. Kavata alimkung'utia kilichobaki, akamtazama akinywa mpaka mwisho, kisha akamkabidhi sufuria.

"Hii ya nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hapa kwetu anayekunywa wa mwisho ndiye anasugua. Tangu tuanze ni hivyo. Hata Ticha Rispa amewahi kusugua."

"Mara mbili," Mwalimu Rispa alisema.

Mkurugenzi alinitazama. Nilifungua Mwongozo, nikaupekua kwa bidii kutoka mwanzo mpaka viambatisho. Una kurasa nyingi juu ya utepe, na sura nzima juu ya viti vya wageni. Juu ya kuosha vyombo ulikuwa kimya.

Basi alikunja mikono ya shati, akachuchumaa kando ya bomba nyuma ya jikoni, akaanza. Alisugua kwa mchanga na jivu. Dereva alijitolea kumsaidia, lakini Kavata alimuuliza kama naye amekunywa, akasema hapana, akaambiwa akae. Madarasa yaliendelea. Kutoka chekechea alfabeti ilisikika mpaka mwisho, ikaanza tena. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, Mkurugenzi alikuwa bado ameinama, na bango likiteremshwa upande ule mwingine.

Kavata alikuja na begi mgongoni, akapitisha kidole ndani ya sufuria, akakitazama.

"Pembeni uko sawa, mzee. Lakini hapa chini iliungua. Iloweke. Utamalizia kesho kabla hatujapika."

"Kesho nina uzinduzi Mukuru kwa Njenga."

"Sisi tunapika alfajiri," Kavata alisema. "Utawahi."

Mkurugenzi alifungua bomba, akajaza maji mpaka yakafunika palipoungua, akaifunika sufuria. Kisha akauliza kama mchanga utakuwepo, au aje na wake.