Kijizimwi Kilichonitangulia Kupata Cheo

Jumatatu, 6 Oktoba. Brno.

Vizazi vijavyo, sikilizeni. Mimi, Daktari Bohdan Vyskočil, ni mtafiti wa mchezo ule ambao watu huketi mezani jukwaani, wakajifanya mashujaa, wakarusha dadu kuamua nani aishi na nani afe, huku umma umelipa kiingilio kuwatazama. Nadharia yangu ni thabiti: umma hufuata dadu, si wahusika. Mpinzani wangu, Daktari Květa Hrdličková, anadai kwamba umma humpenda mhusika asiye na faida yoyote. Upuuzi! Alhamisi Profesa Smetáčková atakuja kutazama mwenyewe, kisha mmoja wetu atapandishwa cheo kuwa dosenti, ngazi moja tu chini ya uprofesa. Kadi zangu za jina zimekwisha kuchapwa.

Jioni, katika chumba cha chini cha baa, nilisimama kila mara kumsahihisha Radim, msimulizi wa mchezo, kuhusu kanuni. Nikazomewa. Radim akatabasamu. Ghafla, katika pango la mchezo wake, kikatokea kijizimwi chenye miwani, kilichosimamisha vita ili kusahihisha kanuni, na kisichoitika mpaka kiitwe "Mheshimiwa Dosenti". Ukumbi ukaangua kicheko. Sikuelewa kwa nini. Hoja zake zilikuwa sahihi kabisa.

Jumanne, 7 Oktoba.

Nimeelewa. Kijizimwi ni mimi!

Zdena, mhudumu wa baa, amenipokea kwa sauti ya kufika barabarani: "Karibu, Dosenti! Bia ileile?" Kilemba cha ukoka. (Ingawa kilinikaa vizuri kichwani.) Nikamtaka Radim akiue mara moja. Akasema hana mamlaka hayo. Mezani pake anayeua ni dadu, bwana daktari, si msimulizi. Basi nikamwendea Ota, anayecheza shujaa wa upanga. Nikamnunulia soseji za kulowekwa kwenye siki mpaka mtungi ukabaki siki tupu. Ameapa kukifyeka Alhamisi.

Jumatano, 8 Oktoba.

Květa kanikuta ngazini. Ati watazamaji wanakifumia kijizimwi visweta. Ati, "Bohdan, ndugu yangu, usibadilike hata kidogo. Unanifanyia utafiti bure!" Nikamjibu kwamba kesho umma utalitazama dadu likitua na hautatoa hata chozi. Akaniuliza kama nina leso. Kiburi kilichoje!

Alhamisi, 9 Oktoba.

Profesa mstari wa pili. Ota akainua upanga, pumzi yake ya siki ikanifikia. Dadu: moja. Upanga ukagonga mwamba. Akarusha tena: moja! Upanga ukamponyoka, ukaangukia mtoni. Ukumbi mzima ukasimama: "Do-sen-ti! Do-sen-ti!" Enyi vizazi, mwajua nimelingoja neno hilo tangu lini?

Akarusha tena. Ishirini! Hakuna namba inayoipita. Zdena akaanza kulia kwa kwikwi. Ota akafungua kinywa kutangaza kifo. Hapo mtu akarukia jukwaani, akipaza sauti kwamba kanuni hairuhusu, kwamba aliyeangusha silaha hana budi kuiokota kwanza, kwamba pigo hilo ni batili! Radim akafunua kitabu cha kanuni, akakubali. Kijizimwi kikapona.

Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nalia. Nikabebwa juujuu hadi kaunta.

Ijumaa, 10 Oktoba.

Dosenti ni Květa.

Profesa alinieleza kwa upole kwamba ushahidi ulikuwa mzito, hasa yule bwana aliyelilia kijizimwi ilhali dadu lilikuwa mbele ya pua yake, wala hakulitazama. Mtu mmoja! Mtafiti makini hajengi hoja juu ya mtu mmoja, tena mwenye bia tumboni. Sikio la kufa halisikii dawa, namhurumia profesa. Květa ameniletea leso. Imetariziwa.

Sikukata tamaa. Nimempelekea Radim mtungi mpya wa soseji, nikamthibitishia kwa hoja kwamba kijizimwi kinachopendwa kiasi kile hakistahili kubaki dosenti. Amekubali: Jumatatu kinakuwa profesa.

Kadi za jina ziko kwa mchapaji.