Mtambo wa Marehemu Clell

Jumatatu, 3 Juni

Bastola yangu imekufa. Nilikuwa napigilia kigingi cha hema kwa kitako chake, kama nilivyofanya miaka yote, kitako kikapasuka hadi kwenye mtutu. Kosa la kigingi. Vigingi vya siku hizi vina kiburi.

Ubaya ni wakati. Jumamosi ya wiki ijayo klabu yetu ya kulenga shabaha inamchagua mtu mmoja wa bastola atakayekwenda kushindana na watu wa Tennessee. Nafasi hiyo ni yangu! Tuliishika kwa kupokezana, mimi na ndugu yangu Clell, na tangu Clell afariki ni yangu peke yangu. Nikiikosa nabaki na nini? Kuku na redio.

Geneva Slone, nahodha wetu, kanipigia simu kunikumbusha sheria. Bastola ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe, ya kushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni, iliyoundwa nyumbani na mpigaji au mtu wa ukoo wake. Ya dukani haiingii. Nikamwambia asinifundishe, sheria hiyo niliipigia kura yeye hajaota meno. Akasema basi harakisha, mzee Estill, maana Burl Tackett ameshapiga pasi suruali ya safari.

Burl! Mtu asiyeweza kutofautisha mbao ya mjozi na mti wa uzio.

Jumanne, 4 Juni

Bastola ni mtutu, mbao, mtambo wa kupiga cheche, na jiwe. Basi. Shule niliacha mapema lakini chuma nakijua kuliko waliosoma.

Mtutu ninao, niliuweka akiba, kazi ya fundi wa ng'ambo ya mlima. Nikaugonga kwa kijiko. Ukaimba. Mtutu mbovu haimbi, unakohoa.

Mbao: mjozi mkavu, wa zamani, usiopinda. Nikazunguka nyumba nzima nikitafuta, kumbe nimeulalia. Kichwa cha kitanda! Nimekikata. Sasa kitanda kimeegemea ukuta kama mlevi, lakini mbao ni ya kifalme.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda gulioni kutafuta mtambo. Muuzaji akanionyesha miwili ya muundo ule ule tunaoutumia sote. Akasema huu mwepesi ndio mzuri, springi yake imepikwa motoni vizuri. Nikajua anataka kuniuzia uchafu. Nikachukua mzito. Chuma kizito ndicho chuma.

Burl naye alikuwepo, anachagua mawe ya gumegume. Anainua moja moja kwenye jua, anafumba jicho, kama bwana harusi anayenunua almasi. Nikamuuliza anamposa nani. Akasema jiwe ndilo linalozaa moto, mzee, mengine yote ni mapambo. Nikacheka mpaka watu wakageuka. Kijito kizima nyuma ya nyumba yangu kimejaa mawe! Nilipofika nyumbani nikaokota moja, nikalipasua kwa nyundo, nikalibana kwenye meno ya mtambo. Bure kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Mtambo hauwaki. Nafyatua, inatoka cheche moja, inaniangalia, inazima. Nimeupaka mafuta. Nimeufuta mafuta. Nimeutukana. Muuzaji yule ni mwizi, na wezi nawachukia kuliko nyoka.

Usiku kitanda kimeanguka.

Jumapili, 9 Juni

Wazo kubwa! Limenijia kanisani, katikati ya wimbo.

Bastola ya Clell imetundikwa ukutani kwa mjane wake, shemeji yangu Opal. Mtambo wa bastola ile ukiugusa tu unamwaga cheche kama mhunzi anayenoa shoka. Nao uko pale, unapigwa na vumbi, unamtazama mjane akifuma. Huo si ubadhirifu? Clell mwenyewe angelia.

Baada ya ibada nikapanda kwa Opal, njia yote matope. Nikamwambia, shemeji, naona kutu inainyemelea bastola ya marehemu, niachie nikaisafishe. Akasema umekuwa mwema siku hizi, shemeji. Nikasema ndivyo nilivyoumbwa.

Jumanne, 11 Juni

Imekwisha. Mtambo wa Clell umekaa kwenye bastola yangu kana kwamba walizaliwa pamoja. Ule mzito nimeufunga kwenye bastola ya Clell, pamoja na jiwe lake la kijitoni. Nje huwezi kuona tofauti. Nimeing'arisha mpaka inatia aibu, nikamrudishia, nikaitundika kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuiba. Nimebadilishana na ukuta.

Opal alinipa maharage na mkate wa mahindi. Nikala sahani mbili, asije akashuku.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Asubuhi nafika uwanjani, namkuta nani mstarini? Opal. Kavaa koti la Clell, kashika bastola ya Clell. Akasema shemeji, ulivyoisafisha vizuri niliona haya kuiacha ukutani. Nikajua itagoma kwenye risasi ya kwanza. Nikamwambia mambo haya si ya kina mama, utaumia bega. Akasema bastola haiwekwi begani, shemeji. Burl akacheka kwa pua.

Opal akapiga. Ikawaka! Akapiga tena. Ikawaka tena! Risasi zote ndani ya duara jeusi, moja tu ilichungulia nje.

Zamu yangu. Natia risasi, huku Burl kaniegemea anauliza mbao hii nimeitoa wapi, mbona inanuka usingizi. Kwenye meza ya kushindilia mtu haongei, kila mtoto anajua. Lakini tusi kama hilo huliachi lilale. Nikamweleza mjozi ni nini, na mtutu ni nini, na yeye ni nini. Nikashindilia, nikaweka unga wa kuwashia kwenye kisahani cha pembeni, nikalenga, nikafyatua.

Cheche! Cheche tele, tamasha! Moshi kidogo juu. Halafu kimya. Nikafyatua tena. Cheche. Kimya.

Burl akauliza, "Mzee, baruti umemwachia nani?"

Nilikuwa nimeshindilia risasi bila baruti. Mimi! Na anayefanya hivyo kwetu huvalishwa kengele ya ng'ombe shingoni hadi jua lizame. Wakanivalisha, wanapiga makofi, Burl ananiita Maziwa.

Kengele ningeivumilia. Tatizo ni kwamba risasi iliyokwama hutolewa kwa kupenyeza punje za baruti kwenye kitundu cha ubavuni na kuifyatua, na Geneva, kwa umakini wake, akaufungua mtambo mzima ili akifikie. Akaugeuza. Akaufuta mafuta. Akasoma kwa sauti: "Kwa Opal wangu. Clell."

Michoro ile niliiona wakati wa kuufunga. Nilidhani ni mikwaruzo ya tupa. Maandishi madogo si kazi yangu.

Hakuna aliyecheka. Hata Burl alitazama viatu vyake. Kengele tu ndiyo ilikuwa inalia, sijui kwa nini, nilikuwa nimesimama.

Opal hakupiga kelele. Akasema Jumanne ile ile aliona jiwe la kijitoni kwenye bastola ya mumewe, akajua. Akabadilisha jiwe. Akasema mtambo wangu hauna ubaya wowote, jiwe ndilo lilikuwa baya. Kisha akasogea karibu, akasema polepole, "Clell aliacha neno, shemeji, kwamba bastola hii upewe wewe. Nikamwambia nitakupa, siku utakayonijia bila kuwa na shida yako. Siku hiyo ndiyo naingoja tangu mazishi."

Akachukua mtambo wake. Geneva akatangaza: Opal ndiye anayekwenda Tennessee. Burl mtu wa akiba. Mimi sikutajwa.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani mchungaji amehubiri juu ya wizi, akiangalia dirisha lililo nyuma ya kichwa changu. Opal kaniitikia salamu kwa kidevu. Nimekula mayai, peke yangu, nimesimama.

Nimefikiri sana. Makosa ni ya Burl, kwa kumsemesha mtu anayeshindilia. Na ya Clell pia, Mungu amrehemu. Nani anaandika mapenzi ndani ya mtambo?

Lakini neno la Opal nimelishika. Bila shida! Basi nitakwenda bila shida. Nitabeba mayai. Nitauliza habari za magoti yake, za paa, za dada yake wa Ohio. Ukutani sitatupa hata jicho. Mara moja haitatosha, atashuku. Mara tatu zinamtosha mtu yeyote. Nikienda kesho, Jumatano na Ijumaa, Jumamosi bastola ni yangu, na wao hata mizigo ya Tennessee hawajafunga.