Wigi Mbele ya Mkwe

Leo nimeaibika, na bora nianze kwa kukiri: homoni ninazo. Miaka ishirini nimezikana. Niliwahi hata kuandika makala kwamba mwanamke anayeijua kazi yake haendeshwi na mwili wake. (Nilikuwa na miaka thelathini. Mwili ulikuwa bado na adabu.)

Asubuhi bodi ya shule yetu hapa Sirari ilikaa kunihoji. Wanatafuta mkuu wa shule. Mimi ni makamu mwaka wa tisa sasa. Wajumbe watano, mmoja wao Chacha, wakala wa forodha, aliyemuoa binti yangu. Kwetu Wakurya, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani hivihivi. Kwa hiyo Chacha alikaa pembeni kabisa, macho kwenye karatasi, nami maswali yake nikayajibu nikiutazama ukuta. Heshima tupu!

Mzee Marwa, mwenyekiti, akauliza: "Mwalimu, wenzako wanasema unabadilika. Jumatatu malaika, Jumanne chui. Ni kweli?"

"Uongo, mzee. Mimi sibadiliki."

Ndipo joto likaja. Lilipanda kutoka tumboni kama maziwa yanayofurika sufuria. Nikavua koti. Jasho likaingia machoni.

"Fungueni dirisha!"

"Liko wazi, Mwalimu."

"Basi fungueni lingine! Mnataka nife kwanza ndipo mniteue?" (Nilikuwa napiga meza. Ya mwenyekiti.)

Halafu, Mungu anisamehe, nikavua wigi. Nikajipepea nalo. Chini yake kulikuwa na mvi zangu, zimesukwa twende kilioni, ule msuko wa harakaharaka.

Chacha akainua macho. Akaona. Akajifunika uso kwa barua yangu ya maombi, akajigonga kwenye kiti, kisha kwenye mlango. Tukasikia pikipiki ikiondoka.

"Sasa huyo anakimbia nini?" akauliza mjumbe mmoja, mgeni wa huku.

"Kamwona mama mkwe kichwa wazi," jirani yake akanong'ona. "Ni mwiko. Hapo mpaka wazee waitwe kuwasafisha."

Nikalia. Kwa kwikwi, mbele ya wanaume wanne.

Saa kumi simu ikaita. Mzee Marwa.

"Mwalimu, pole. Nafasi tumempa yule mwalimu kijana wa hesabu. Ametulia."

Nikashukuru, nikataka kukata simu.

"Mke wangu yuko hapa. Anasema joto hilo lilimtesa mpaka akafunga duka. Anauliza, wewe lilikuanza lini?"

"Mwambie mwaka jana, mzee."

"Aa! Si ungesema?" akashangaa. "Tungeleta feni."